Zima, Washa, Sahau

Kuna imani iliyoenea katika vyumba vya seva vya Afrika Mashariki, na nje ya Afrika Mashariki pia, kuliko imani nyingine yoyote ya kiufundi. Inasema: seva ikikwama, iwashe upya kwanza; kutafuta chanzo ni anasa ya baadaye. Utaisikia kwa mkuu wa idara ya TEHAMA, kwa mhasibu aliyeshindwa kuchapisha hati za malipo, na kwa kijana aliyeajiriwa juzi ambaye amri ya kwanza aliyofundishwa ni reboot. Ukithubutu kusema, "Subirini kidogo nichukue taarifa kabla hatujaizima," unatazamwa kama daktari anayetaka kupima damu ya mtu anayezama.

Waumini wenye akili wanayo hoja, na haifai kuibeza kabla ya kuieleza. Wanasema seva ipo kwa ajili ya watu, si kwa ajili ya mafundi. Watu wako dirishani, wameshaambiwa "sistimu iko dauni", na kila dakika inayopita ni fedha na aibu. Kuwasha upya huchukua dakika chache na mara nyingi hutibu. Kwa nini mteja asubiri ili fundi ashibishe udadisi wake? Logi ziko kwenye diski, zitasomwa kesho kwa utulivu. Ukusanyaji wenyewe unaielemea mashine ambayo tayari inakata roho, tena unajaza diski kwa taarifa ambazo hakuna atakayezifungua. Na siku hizi seva ni za kukodi: moja ikiharibika inatupwa, nyingine inazaliwa yenyewe.

Hoja hiyo ina mantiki, na ndiyo maana imetugharimu kwa muda mrefu hivi.

1. "Kuwasha upya kunatibu"

Dalili huondoka, kweli, na waumini wana shahidi mzito. Mwaka 1985 Jim Gray, aliyekuwa katika kampuni ya Tandem, aliandika ripoti akijiuliza kwa nini kompyuta husimama na nini kifanyike. Alidai kwamba kasoro nyingi zinazobaki katika programu zilizokomaa ni za kuja na kupotea: rudia kazi ileile katika hali safi, huzioni tena. Katika mfano mmoja alioutaja, kati ya hitilafu 132 ni moja tu iliyojirudia baada ya jaribio la pili. Basi, wanasema waumini, tunahangaikia nini?

Wangerudi nyuma sentensi chache wangeona namba hiyo ilitoka wapi. Ilitoka kwenye logi ya makosa ya programu ya foleni ya uchapishaji, iliyochambuliwa kutoka makumi ya mifumo. Kila mchakato ulipogundua hitilafu ulisimama, pacha wake akaendelea na kazi, na tukio likaandikwa. Ushahidi mkuu wa wanaotuambia tusihangaike na logi umetoka kwenye logi.

Lakini kisa ambacho kila mwenye neno la siri la root angepaswa kukijua ni cha Dhahran, Saudi Arabia. Usiku wa Februari 25, 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, betri ya makombora ya Patriot ilishindwa kulizuia kombora la Scud lililoangukia kambi ya Wamarekani. Wanajeshi 28 walikufa. Saa ya mfumo ilikuwa ikihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, na moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa namba za jozi; rejista ya biti 24 ilidondosha kipande kidogo kila mara. Betri hiyo ilikuwa imewashwa kwa zaidi ya saa 100 mfululizo. Kosa lilikuwa limefikia theluthi moja ya sekunde, na kwa mwendo wa Scud hiyo ni mita 687. Rada ikatafuta mahali ambapo kombora halikuwapo, haikuona kitu, ikatulia.

Dawa ilikuwa ipi? Zima, washa. Saa inarudi sifuri, kosa linafutika. Kwa hiyo hapa tuna mfumo ambao kuwasha upya kulikuwa tiba kamili, na watu 28 walikufa, kwa sababu hakuna aliyewaambia waliokuwa zamu dozi ni ipi. Februari 21 ofisi ya mradi wa Patriot ilituma ujumbe kwamba kuuendesha mfumo "muda mrefu sana" kunaweza kuleta tatizo. Muda mrefu sana ni saa ngapi? Ujumbe haukusema. Ofisi ilidhani hakuna atakayefika huko.

Sasa tazama nani aliyegundua tatizo. Ni Waisraeli, waliokuwa na betri zilezile na walioamua kurekodi data za mfumo ukiwa kazini. Februari 11 waliwapa Wamarekani takwimu: baada ya saa 8 tu, upotofu unaonekana. Makamanda wa Marekani kule Saudia nao walikuwa na vinasa data vya kubebeka. Ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani ya mwaka 1992 inaeleza kwa nini hawakuvitumia: walihofia kwamba vingeweza kuuzima mfumo bila kutarajiwa. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran Februari 26, siku moja baada ya shambulio.

Soma tena sababu yao. Hawakukusanya taarifa ili huduma isikatike. Ni hoja ya mkuu wetu wa idara, neno kwa neno.

Sisemi kuwasha upya ni haramu. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme kabla hazijatimiza siku 248 za kuwashwa mfululizo, kwa kuwa kaunta ya ndani ya vidhibiti vya jenereta ingefurika na ndege ingeweza kupoteza umeme wote wa jenereta. Hiyo ni zima-washa yenye cheti. Lakini 248 haikuokotwa barabarani. Ilipatikana maabara, na ukizihesabu siku hizo kwa mia za sekunde unakutana na kikomo cha namba ya biti 32 yenye alama. Aliyeandika agizo alijua anachokizima. Sisi tunaandika "iwashwe kila Jumapili usiku" kwa sababu aliyekuwapo kabla yetu aliandika hivyo.

2. "Logi zipo, tutazisoma kesho"

Hili ndilo dai ninaloliona baya kuliko yote, kwa sababu linasemwa kwa sauti ya mtu mwenye utaratibu.

Logi zipi? Kwenye Linux, ujumbe wa kerneli unaousoma kwa dmesg unakaa kwenye bafa iliyo ndani ya memori. Ukizima, bafa inakwenda. Utasema: systemd inazinakili. Inazinakili wapi? Mpangilio wake wa kawaida kwa miaka mingi umekuwa auto, unaosema hivi: saraka ya /var/log/journal ikiwapo, andika diskini, isipokuwapo, andika /run. Na /run ni memori. Seva ngapi zimefungwa bila mtu kuitengeneza saraka hiyo? Fungua yako uangalie kabla ya kunijibu. Takwimu za sar, zinazoonyesha mzigo wa mashine kwa vipindi vya dakika kumi, zinatoka kwenye kifurushi cha sysstat ambacho Debian kwa miaka mingi imekileta kikiwa kimezimwa mpaka ubadilishe mstari mmoja. Watu wameweka kifurushi, hawakubadilisha mstari, na wanatembea wakiamini wana kumbukumbu.

Hata pale logi zinapoandikwa vizuri diskini, kuna mambo ambayo hayajawahi kuandikwa kwenye logi yoyote na hayataandikwa. Hali ya mashine wakati ule si tukio. Ni hali, na hakuna anayeiandika asipoulizwa. Chukua diski iliyojaa. Amri ya df inasema imejaa kabisa, du inasema faili zote hazifiki hata nusu yake. Waliowahi kukutana na hili wanajua: kuna mchakato umeshika faili kubwa iliyokwisha kufutwa jina, nafasi yake haiachiwi mpaka mchakato uifunge au ufe. Amri moja, lsof +L1, inakutajia jina la mkosaji. Sasa washa upya. Mchakato umekufa, nafasi imerudi, df na du wamepatana, na wewe unapongezwa. Umefuta jina la mkosaji kwa mkono wako mwenyewe, na mkosaji ameanza kazi upya pamoja na seva. Baada ya wiki kadhaa mtakutana tena, na utaapa kwamba "diski hizi ni mbovu". Itanunuliwa diski nyingine.

Au mashine yenye mzigo wa 200 huku prosesa zimekaa bure. Michakato imelala katika hali ya D ikisubiri hifadhi ya mtandao isiyojibu. Kuandika herufi w kwenye /proc/sysrq-trigger kunamwaga kwenye logi ya kerneli orodha ya waliokwama na mahali walipokwamia. Au programu ya Java inayopumua lakini haijibu: jstack ingekuonyesha nyuzi mbili zikigombania kufuli moja. Au maelfu ya miunganisho iliyobaki CLOSE_WAIT kwa sababu mwandishi wa programu alisahau kufunga mlango nyuma yake. Kila moja ya hayo inaonekana kwa sekunde chache, na inaonekana tu kabla hujazima. Baada ya hapo mwandishi wa programu atakuambia kwa upole, "Kwangu inafanya kazi," na hutakuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo "tutazisoma kesho" maana yake halisi ni kwamba tutasoma kilichobaki, tusipokuta chanzo tutaandika hakikuonekana, na hatutasema ni nani aliyekifuta.

3. "Hatuna muda"

Muda gani? Skripti iliyoandaliwa mapema inayochukua orodha ya michakato, miunganisho ya mtandao, dmesg, meminfo, hali ya diski na sampuli chache za vmstat na iostat, kisha ikapeleka yote kwenye mashine nyingine, haimalizi dakika mbili. Mkusanyaji mkubwa kama sos wa dunia ya Red Hat anaweza kuchukua muda mrefu zaidi, nakubali. Yeye anaweza kuendeshwa baada ya huduma kurudi, kwa kuwa sehemu kubwa ya anachobeba ni mipangilio na logi za diskini. Kinachowahi kupotea ndicho kichukuliwe kwanza.

Na ikiwa mashine imeganda kabisa, kibodi haijibu, SSH haijibu? Hapo ndipo watu husema sasa hakuna la kukusanya, vuta waya. Lakini kdump ipo miaka mingi: unatenga megabaiti mia kadhaa za memori, kerneli ya pili inakaa humo ikisubiri, ya kwanza ikianguka ya pili inaamka na kuhifadhi nakala ya memori iliyokufa. Seva halisi ina kidhibiti chake cha pembeni kinachojibu hata mfumo ukiwa umelala. Badala ya kukiamuru power reset kupitia ipmitool, kuna power diag, inayoipiga kerneli ishara ya kuanguka kwa utaratibu na, ikiwa imepangwa hivyo, kuacha ushahidi. Seva pepe ni rahisi zaidi, unachukua memori yake ukiwa nje kwa virsh dump. Tofauti kati ya reset na diag ni herufi chache. Wengi wetu tumeshika ya kwanza kwa sababu ndiyo tuliyoonyeshwa.

Waumini hapa hunitajia Julai 19, 2024. Sasisho bovu la kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows takriban milioni 8.5, na Microsoft ikawaarifu wateja wa Azure kwamba wengine wamefaulu kwa kuwasha upya mara nyingi, hata mara 15. Mara 15! Sijui muumini gani angetunga aya bora kuliko hiyo. Ila wanasahau upande wa pili. Chanzo hakikuwa fumbo la wiki nzima kwa sababu Windows, inapoanguka, huandika nakala ya memori, na waliofungua nakala hizo asubuhi ileile walikuta jina la faili la mkosaji, csagent.sys, limekaa humo. Waliowasha mara 15 na waliosoma nakala hawakufanya kazi moja. Ni kundi la pili lililojua kilichoanguka.

4. "Ni ghali, tena ni hatari"

Gharama ya diski nitaipita haraka. Faili za dakika mbili hizo ni ndogo kuliko video moja ya harusi inayozunguka kwenye kundi la WhatsApp la ofisi.

Hatari ni jambo jingine, na hapa ndipo sitaki kuwapuuza. Nakala ya memori inabeba kila kilichokuwamo: manenosiri, funguo, namba za kadi za watu. Septemba 2023 Microsoft ilieleza jinsi kikundi kinachoitwa Storm-0558 kilivyopata ufunguo wa kusaini uliofungua barua pepe za idara za serikali ya Marekani: kwa maelezo yao ya wakati ule, ufunguo ulibaki ndani ya nakala ya memori ya mfumo ulioanguka Aprili 2021, nakala ikahamishwa mahali pasipo salama. Machi 2024 wakayarekebisha maelezo hayo na kukiri hawajaipata nakala yenye ufunguo huo. Na kwa nini hawakuweza kuthibitisha tangu mwanzo? Kwa sababu, kwa maneno yao wenyewe, logi za wakati huo zilikuwa zimekwisha kufutwa kwa mujibu wa sera ya muda wa kuhifadhi.

Kampuni tajiri kuliko nyingi duniani ilikaa na nadharia badala ya jibu. Na waliomshika mwizi je? Wizara ya mambo ya nje ya Marekani, Juni 2023, kwa sababu ilikuwa imelipia kiwango cha juu cha leseni chenye logi za kina za nani amesoma barua ipi. Taasisi zilizobana matumizi zisingeona kitu. Baada ya fedheha hiyo Microsoft ilitangaza kwamba sehemu ya logi hizo itatolewa bila malipo ya ziada. Basi ndiyo, taarifa zilizokusanywa zinahitaji kufungiwa, kusimbwa, kuwekewa tarehe ya kufa na orodha ya wanaoruhusiwa kuzifungua. Hayo ni masharti ya kukusanya. Anayeyatumia kama sababu ya kutokusanya anakwepa kazi kwa kisingizio cha usalama.

5. "Wingu limemaliza hayo yote"

Limeyaharakisha. Zamani fundi alihitaji kunyanyuka kwenda kubonyeza kitufe ndipo ushahidi upotee. Sasa unapotea wenyewe usiku umelala. Mashine isiyopita kipimo cha afya inafutwa na kundi la kujipanua, diski yake na yote. Kubernetes, isipoguswa, hutunza matukio yake kwa saa moja, na kwa kontena lililoanguka inakupa logi za lile lililotangulia tu. Kontena likianguka mara 40 kabla ya alfajiri, asubuhi unasoma habari za anguko la mwisho tu. Njia za kuizuia mashine isifutwe mpaka itoe taarifa zipo, watoa huduma wameziweka. Zinahitaji mtu aliyeamini mapema kwamba maiti ina la kusema.

6. "La muhimu imerudi"

Imerudi kwa nani? Zima-washa bila ushahidi haifuti deni, inalihamisha. Halilipwi na aliyetoa amri. Linalipwa na fundi wa zamu ya usiku seva itakapoanguka mwisho wa mwezi, pia na mtumiaji ambaye muamala wake ulikatikia katikati, naye anaambiwa mfumo hauna tatizo.

Uingereza imetuonyesha mwisho wa barabara hiyo. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya wasimamizi 900 wa posta ndogo walitiwa hatiani kwa wizi, ulaghai na hesabu za uongo kwa kutegemea mfumo wa Horizon uliotengenezwa na Fujitsu. Walipodai kwamba upungufu unazuka kwenye skrini wenyewe, waliambiwa mfumo ni imara. Rekodi za kina zilikuwa kwa Fujitsu, si kwao. Mikononi mwao kulikuwa na risiti na kiapo. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilisema Horizon ya awali haikuwa imara hata kidogo, na mwaka 2024 bunge likapitisha sheria ya kuzifuta hukumu hizo kwa mkupuo. Baadhi ya waliohukumiwa walikuwa wameshakufa. Pale ambapo hali ya mashine haionekani, mahakama huiamini mashine na kumshuku binadamu aliyekaa mbele yake. Karani wa kaunta wa Mwanza au Kisumu hana kinga yoyote ambayo wale hawakuwa nayo.

Na hilo ni la makosa ya bahati mbaya. Je, ikiwa kilichoiangusha seva ni mgeni aliyeingia bila hodi? Baadhi ya programu za uvamizi huishi kwenye memori bila kugusa diski. Kuwasha upya ni kumsaidia mwizi kufagia nyayo. Kenya, kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inampa mtunza data saa 72 kumjulisha kamishna baada ya kujua kuna uvujaji wa hatari. Atamjulisha nini? Kwamba seva ilisumbua, ikawashwa, ikatulia?

Fomu za taarifa ya tukio ninazoziona zinajazwa kwa mtindo mmoja. Chanzo: hitilafu ya kiufundi. Hatua: seva iliwashwa upya. Hali: imetatuliwa. Mwezi unaofuata fomu ileile, tarehe tofauti, na hakuna anayeuliza jambo lililotatuliwa linawezaje kutatuliwa mara sita. Napendekeza mistari miwili iongezwe chini yake, kabla ya sahihi ya mkuu. Wa kwanza: taarifa zilizochukuliwa kabla ya kuzima, na mahali zilipohifadhiwa. Wa pili, ikiwa wa kwanza ni mtupu: jina la aliyeamuru seva izimwe, cheo chake, na saa aliyotoa amri.